HISTORIA YA VESPA YA CHAMA CHETU

Halmashauri ilipoamua kuchapa kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, iligawa kazi ya kuandika. Mwenyekiti alipewa habari za kuanzishwa kwa Chama, Mhazini akapewa habari za fedha, na Bwana Shamba akapewa mananasi na viungo. Sisi wa ofisi ya Katibu tulipoulizwa tutaandika nini, tulijibu kwamba tutaandika historia ya vespa. Baadhi ya wajumbe walicheka, na mmoja akauliza kama tumekwisha mambo ya maana. Lakini wanachama waliokuwapo katika mwaka wa pili wa Chama hawakucheka, kwa kuwa wao wanajua ya kwamba mwaka ule Chama kilikaribia kuvunjika, na kilichokaribia kukivunja ni kikombe kidogo cha mafuta ambacho hakikutiwa mahali pake.

Vespa hii kila mwanachama aijua. Ni ile ya rangi ya samawati isimamayo chini ya mwembe wa ofisi, yenye kiti kilichoshonwa mara mbili na bamba la kushoto lililobonyea. Kutoka Ng'ambo mjini, tunakokaa, hata ofisi ya Chama ni kilomita 28, kwa njia ya Mtoni, Bububu na Mahonda. Kwenda na kurudi ni kilomita 56, siku tano katika juma, mbali na safari za kuzungukia vyama vya msingi sita, ambavyo vinne vyake havipo katika njia ya daladala. Tukihesabu majuma 48 ya kazi kwa mwaka, twapata kilomita 13,440, na kwa miaka kumi kilomita 134,400. Mzunguko wa dunia yetu katika ikweta ni kilomita 40,000 na kidogo. Basi vespa ya Chama, bila ya kutoka Unguja, imekwisha kwenda mwendo wa kuizunguka dunia zaidi ya mara tatu.

Kabla ya kusimulia yaliyotupata, yafaa tueleze asili ya chombo chenyewe, kwa maana mtu asiyejua kitu kilitengenezwa kwa haja gani hawezi kujua kinataka kutunzwa vipi. Sisi wenyewe tuliijifunza asili hii baada ya hasara, na tungaliijua mapema tungalijiokoa.

Watu wa Unguja huita vespa kila pikipiki ndogo yenye mahali pa kuweka miguu mbele, lakini jina hilo ni la chombo kimoja tu, nalo ni neno la Kitaliana lenye maana ya nyigu. Kampani ya Piaggio ilianzishwa Italia katika mwaka 1884. Kwanza ilitengeneza vyombo vya ndani ya meli, kisha mabehewa ya gari la moshi, na baadaye eropleni. Katika Vita Kuu ya Pili kiwanda chake kikubwa cha Pontedera, katika jimbo la Toscana, kiliharibiwa. Vita vilipokwisha, Bwana Enrico Piaggio, mtoto wa mwanzilishi, alikuwa na magofu, wafanya kazi wasio na kazi, na nchi ambayo barabara zake zilikuwa zimechimbika na watu wake hawana uwezo wa kununua motokaa. Akaona kwamba kitu kitakachouzika ni chombo rahisi cha kumpeleka mtu kazini na kumrudisha.

Chombo cha kwanza walichokijaribu kilipewa jina la mzaha, Paperino, ambalo kwa Kitaliana ni jina la yule bata wa katuni, Donald Duck. Bwana Piaggio hakukipenda. Ndipo kazi akapewa mhandisi Corradino D'Ascanio, aliyekuwa mtu wa eropleni na helikopta, na ambaye, ajabu, hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Aliona kwamba pikipiki humchafua mpandaji kwa mafuta ya mnyororo, humtaka apandishe mguu juu kama apandaye farasi, na tairi lake likitoboka kulibadilisha ni mashaka makubwa. Basi akakaa akaondoa kila alichokichukia. Mnyororo akautupa, akaiweka injini kando ya gurudumu la nyuma lenyewe. Gia akazipeleka kwenye mkono wa kushoto. Gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja ubavuni, mfano wa gurudumu la eropleni, ili litoke upesi. Na badala ya fremu ya vyuma vya bomba, akatengeneza mwili mzima wa mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa, kama vile mwili wa eropleni ulivyo. Hati ya kulinda uvumbuzi huo iliwekwa Firenze tarehe 23 Aprili, 1946. Injini ya vespa ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 98. Husimuliwa kwamba Bwana Piaggio alipoiona, nyuma nene na kiuno chembamba, na kusikia mlio wake, alisema yafanana na nyigu, na jina likakaa.

Mwaka ule wa kwanza hazikufika vespa 2,500. Miaka kumi baadaye, mwaka 1956, ilitoka ya milioni moja. Mshindani wake mkubwa alikuwa Lambretta ya Milano, iliyoanza mwaka 1947. Bara Hindi nako kampani ya Bajaj ilitengeneza vespa kwa ruhusa ya Wataliana tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na ruhusa ilipokwisha ikatengeneza yake yenyewe kuanzia mwaka 1972, ikaiita Chetak, kwa jina la farasi mashuhuri wa Maharana Pratap. Wahindi walikuwa wakiandikisha majina na kungoja miaka kadhaa mpaka mtu apate yake. Utengenezaji wa Chetak ile ya petroli ulikoma baadaye. Yetu sisi ni ya namna ya PX, ambayo ilianza kutoka Italia katika miaka ya 1977 na 1978. Ni ya sentimita za ujazo 150 na gia nne.

Msomaji ataona kwamba mambo mawili kati ya aliyoyafanya Bwana D'Ascanio yatuhusu sana. La kwanza ni mwili wa mabati usio na fremu, na sisi twakaa kisiwani. La pili ni injini ya mapigo mawili, ambayo haina hodhi lake la mafuta ya kulainisha kama injini ya motokaa. Katika injini hii petroli hupita chini kwenye chumba cha mhimili kabla ya kupanda juu kuungua, na mafuta ya kulainisha hayana njia nyingine ya kuingia ila kuchanganywa ndani ya petroli hiyo hiyo. Ziko PX zenye tangi dogo la mafuta linalochanganya lenyewe, lakini yetu si mojawapo. Yetu huchanganyiwa kwa mkono.

Chama kiliinunua kwa mwalimu mmoja mstaafu wa mjini, miezi minne baada ya kuandikishwa. Gari la kubebea mizigo lilikuwa ghali kuliko mtaji wetu wote. Mwalimu alitukabidhi ufunguo, kikombe cha bati chenye alama, na maneno mengi ambayo, twakiri, tuliyasikiliza kwa sikio moja. Tulikuwa vijana, tumetoka sekondari na cheti, na tulidhani kwamba chombo ambacho wazee wetu wamekiendesha siku zote hakina la kutufundisha.

Mwaka wa kwanza ulipita salama. Twaweza kusema sasa kwamba ulipita salama kwa sababu ya matunzo ya mwalimu, si yetu.

Katika mwaka wa pili, siku moja ya Alhamisi kabla ya mwezi wa Ramadhani, tulikuwa tumechukua hati za malipo ya mananasi ya vyama vitatu. Fedha zilikwisha tangulia katika sanduku la Chama, lakini hazikuweza kutolewa bila ya hati zenye saini, na hati zilikuwa katika mkoba wetu. Wakati ule wanachama wengi walikuwa hawajajiunga na malipo ya simu. Tulichelewa kuondoka mjini. Njiani tukaona petroli inakaribia kwisha, tukanunua lita tatu kwa kijana auzaye chupa kando ya barabara. Wauzaji wengine huiuza ikiwa imekwisha changanywa kwa ajili ya wenye vespa, na wengine huiuza tupu. Hatukumuuliza. Tulidhani ni ya kuchanganywa, tukamimina, tukaondoka kwa kasi.

Mbele ya Bububu, penye minazi, injini ilianza kupoteza nguvu kama mtu aliyeshikwa na pumzi. Badala ya kusimama tulizidisha petroli. Mara ikatoa mlio mkali, gurudumu la nyuma likakamatika lisizunguke, na vespa ikateleza ubavu mpaka mtaroni. Sisi tulichubuka goti na kiwiko, na bamba la kushoto likapata ule mbonyeo ambao wanachama huuona hata leo. Tuliokota hati zote, hata moja haikupotea. Tuliwapigia simu makatibu wa vyama, lakini simu haiwezi kupeleka saini. Daladala la kwanza lilikuwa limejaa, la pili likatushusha Mahonda, na tulipofika ofisini ilikuwa magharibi, watu wamekwisha kwenda zao.

Wapo waliosema, basi ni siku moja tu. Lakini wanachama walikuwa wametoka mbali, na sokoni Ramadhani ilikuwa imekwisha pandisha bei. Bibi mmoja, ambaye hatutamtaja jina lakini yu hai na atasoma maneno haya, alikuwa amengoja fedha zile ampeleke mjukuu wake hospitali. Alipoona jua linakuchwa aliwauzia wachuuzi mananasi yaliyobaki shambani, mabichi, kwa bei ya kutupa, akaondoka usiku. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini mananasi yale yalikuwa mazao yake ya miezi mitatu iliyofuata. Khabari ikaenea kwamba katika Chama fedha hazipatikani siku ya ahadi, na mwezi uliofuata wanachama wengi, wa chama kimoja karibu nusu yao, wakawauzia wachuuzi.

Mkutano wa Halmashauri ulioitishwa baada ya hayo ulikuwa mzito. Mjumbe mmoja alitoa shauri vespa iuzwe kama chuma chakavu na Katibu apande daladala. Mwingine akasema tukope, tununue gari. Wa tatu akasema waziwazi kwamba labda anayetakiwa kuuzwa ni Katibu. Sisi tulikubali kosa, tukaomba gharama ya matengenezo ikatwe katika mshahara wetu. Ndipo yule bibi, aliyekuwa amealikwa kueleza hasara yake, akainuka. Tulitazamia atulaumu. Akasema: "Katibu, mwanangu, mananasi yangu mie ukiyapokea wayahesabu moja moja, na lililopondeka waliandika. Hiyo vespa ya Chama waiandika wapi?"

Hatukuwa na jibu. Vespa ilikuwa haikuandikwa popote ila katika orodha ya mali, mstari mmoja, baina ya mizani na viti. Halmashauri ikaazimia itengenezwe, na iwe na daftari lake lenyewe, litakalosomwa katika kila mkutano wa robo ya mwaka kama lisomwavyo daftari la fedha. Azimio hilo limo katika kumbukumbu za Chama, na halijavunjwa.

Tuliisukuma vespa katika gari la ng'ombe, kisha katika gari la mchanga, mpaka kwa fundi mmoja mzee wa Ng'ambo. Alifungua kichwa cha silinda, akatuonyesha pistoni ilivyokwaruzika ubavuni na chuma laini kilivyoyeyuka na kushikamana na silinda. Akatuambia: "Hii haikufa kwa uzee, mwanangu. Imekufa kwa kiu." Silinda ikachongwa kwa kupanuliwa kidogo, ikatiwa pistoni kubwa zaidi kiasi hicho hicho. Akatuamrisha kwa kilomita 1,000 za mwanzo tusiiharakishe, tusiipandie mizigo, wala tusikaze petroli kwa muda mrefu bila kupunguza, ili vyuma vipya vizoeane. Tulitii, na kwa majuma matatu na zaidi tulikuwa tukiondoka nyumbani kabla ya jua kutoka, na baiskeli za wauza maziwa zikitupita.

Kwa mzee huyu ndiko tulikosoma. Twaandika hapa machache, kwa ajili ya wanachama wenye vyombo vya namna hii, na kwa ajili ya Katibu atakayekuja baada yetu.

Jambo la kwanza ni mchanganyiko. Vespa za mwanzo za miaka ya 1940 zilitaka mafuta sehemu 5 katika 100 za petroli. Yetu yataka sehemu 2 katika 100, yaani mililita 20 kwa lita moja, au mililita 100 kwa lita tano. Mafuta yawe ya injini ya mapigo mawili, si ya motokaa. Kile kikombe cha mwalimu kilikuwa na alama hizo hasa, nasi tulikuwa tumekitumia kuwekea kalamu. Sasa twachanganya ofisini katika dumu safi, twatikisa, kisha ndipo tunapomimina. Tukilazimika kununua njiani twanunua petroli tupu tuliyouliza mara mbili, na twatia mafuta kutoka chupa ndogo tuliyonayo katika sanduku la mbele. Wapo wanaozidisha mafuta wakidhani kwamba wanaihurumia injini. Hawaihurumii, kwa kuwa mafuta yaliyozidi hugeuka masizi, yakaziba ekzosi na kuichafua plagi.

Plagi nayo ni kama ulimi wa mgonjwa anapokwenda kwa daktari. Kila Jumamosi twaifungua injini ikiwa imepoa, tukaitazama rangi. Ikiwa ya hudhurungi, kama unga wa kakao, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeusi na imelowa, basi mafuta au petroli imezidi, au kichujio cha hewa kimejaa vumbi. Ikiwa nyeupe, hapo ni pa kuogopa, kwa maana injini yapata hewa nyingi na petroli haba, nayo yaungua kwa joto lililopita kiasi. Mara moja katika mwaka wa sita tuliiona nyeupe, tukampelekea fundi siku ile ile. Akakuta mpira wa kuziba baina ya injini na kabureta umepasuka. Kama tungalingoja, tungalirudi mtaroni. Vespa za zamani zilikuwa na pointi za kusafisha na kurekebisha kila mara, lakini yetu yawasha kwa umeme usio na pointi, na hilo ni shughuli moja tuliyosamehewa.

Kwa kila kilomita 8,000 hivi twafungua kichwa cha silinda na kukwangua masizi kwa kipande cha mti mgumu, si kwa bisibisi, ili pistoni isichubuke. Ekzosi fundi huichoma kwa moto wa makumbi ya nazi mpaka masizi ya ndani yaungue, kisha akaigonga gonga na kuimwaga. Siku hiyo vespa hurudi na nguvu ambazo mtu alikuwa amesahau kwamba inazo, na jirani zetu hulalamika kwa moshi wa makumbi. Mafuta ya sanduku la gia ni mengine kabisa na hayahusiani na yale ya petroli. Ni robo lita tu, na ni aibu kwamba kitu kidogo hivyo watu hukisahau mpaka gia zinapoanza kulia.

Matairi twayapima kila Jumatatu asubuhi, yakiwa baridi. Kwa mtu mmoja twatia ratili 18 mbele na 26 nyuma, na akiwapo abiria nyuma twafikisha 36. Lipo jambo hapa ambalo kutolijua laweza kumuumiza mtu vibaya. Ringi ya vespa ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati. Nati zinazoishika ringi kwenye gurudumu ni nyingine, na nati zinazounganisha vipande vile viwili ni nyingine. Hizi za pili zisiguswe kamwe tairi likiwa na upepo, kwa kuwa vipande vitaruka kwa nguvu. Kwanza toa upepo wote, kisha fungua. Gurudumu la akiba twalibeba daima, na kwa kuwa magurudumu yote ni sawa, la akiba laenda mbele au nyuma, kama alivyokusudia yule mhandisi aliyezichukia pikipiki.

Sasa kutu. Hapa ndipo matunzo ya vespa ya Unguja yanapotofautiana na yale yaliyoandikwa katika vitabu vya Ulaya. Pikipiki yenye fremu ikila kutu bamba lake, utabadilisha bamba. Vespa haina fremu, bali bati lile ndilo mgongo wake, na likioza sakafuni pa kuwekea miguu, chombo huvunjika katikati. Sisi kila siku twapita kando ya bahari, na wakati wa kaskazi na wa kusi chumvi huja na upepo, tukijua tusijue. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni twaiosha kwa maji baridi ya kisima chenye maji matamu, tukianzia chini, siyo juu panapoonekana. Matundu madogo ya kutokea maji yaliyo chini ya sakafu twayazibua kwa kijiti. Kisha twaipangusa na kuipaka mafuta mazito chini yote, hasa penye mchomeleo. Katika mwaka wa tano tulikuta tundu la ukubwa wa senti chini ya mpira wa sakafu. Juu palikuwa pazuri, mpira umeng'arishwa. Fundi alikata sehemu iliyooza kubwa kama kiganja na kuchomelea bati jipya. Tangu siku hiyo mpira wa sakafu hufunuliwa kila mwezi, na daftari lina safu yake peke yake kwa jambo hilo.

Kamba ya klachi na ya gia hukatika. Hakuna namna ya kuzizuia zisikatike siku zote, ila zikipakwa mafuta hudumu. Twabeba moja ya kila namna, na tumejifunza kuzibadilisha wenyewe kwa spana mbili na koleo. Mara ya kwanza ilituchukua saa tatu chini ya mnazi, na watoto wakituhesabia.

Hatutaki msomaji adhani kwamba twaiabudu vespa. Ina moshi, na mwenye kuifuata nyuma ana haki ya kununa. Injini za mapigo manne, kama ile ya Honda Super Cub iliyotoka Ujapani mwaka 1958, hutumia petroli kidogo zaidi na hazitaki kuchanganyiwa mafuta. Kampani ya Honda imekwisha tengeneza zaidi ya milioni 100 za namna hiyo, hesabu iliyotimia mwaka 2017, na hakuna chombo kingine chenye injini duniani kilichotengenezwa kwa wingi huo. Tungalikuwa tunanunua leo, huenda tungalinunua mojawapo ya mapigo manne. Sasa kuna hata za umeme. Jina la Chetak lenyewe lilirudi mwaka 2019 katika skuta isiyotia petroli kabisa. Mjumbe wa vijana katika Halmashauri ametoa shauri kwamba chombo kijacho cha Chama kiwe cha umeme, na sisi hatupingi, ila tumeuliza maswali matatu yanayongoja jibu: betri yake yaenda kilomita ngapi kwa siku yenye vyama viwili vya kuzungukia, umeme ukikatika mchana twafanyaje, na fundi wa kuifungua yuko wapi hapa Unguja. Akijibiwa maswali hayo vizuri, tutaiandikia daftari nayo.

Yule mjumbe aliyeshauri kwamba auzwe Katibu, miaka mitatu iliyopita alinunua vespa yake mwenyewe. Alikuja ofisini bila ya kusema neno juu ya mkutano ule, akaomba aone daftari limepigwa mistari vipi. Tulimpa moja tupu.

Malipo ya wanachama tangu siku ile ya Alhamisi hayajachelewa kwa sababu ya vespa. Yamechelewa mara nne kwa sababu nyingine, ambazo Mhazini amezieleza katika sehemu yake, nasi hatutaziingilia. Wale waliokuwa wamewaendea wachuuzi walirudi kidogo kidogo, wa mwisho wao katika mwaka wa nne. Bibi yetu hakuondoka kabisa. Katika kila mkutano wa robo ya mwaka, tunapofika mahali pa daftari la vespa, yeye ndiye aulizaye, na asiporidhika hutaka afunguliwe ukurasa wenyewe, ingawa kusoma humsomea mjukuu wake, yule yule aliyepelekwa hospitali, ambaye sasa ni kijana wa sekondari.

Daftari lililoko mezani sasa ni la saba. Ukurasa wake wa mwisho ulioandikwa, wa juma hili tunapoandika, wasema: mchanganyiko lita tano, mililita 100, plagi hudhurungi, tairi la nyuma limeisha, limehamishiwa kwenye la akiba na jipya kutiwa, sakafu kavu, kamba ya gia imeanza kukatika nyuzi mbili, ibadilishwe kabla ya Jumatatu.